Kapeti Iliyosimama Nyuma ya Mlango

Kemunto,

Huna adabu. Nimeanza na hilo ili usisome mistari miwili ya salamu ukadhani bibi yako amepoa. Sijapoa. Mama yako ametoka Mosocho na mkungu wa ndizi, pikipiki imekataa kupanda kilima hiki kwa sababu ya matope, akaubeba mkungu kichwani akapanda kwa miguu. Na wewe umemsimamisha mlangoni mbele ya watu wa kanisa kwa sababu ya kipande cha kapeti ambacho hakitoshi hata mbwa kulalia.

"Mama, ngoja! Vua viatu kwanza, utanichafulia kazi yangu."

Nilikusikia. Mama yako akasema, "Sawa," akaweka ndizi kizingitini, akageuka akaenda. Nawe ukawageukia wageni ukicheka: "Mama yangu huwa hivyo, anapenda kusimama tu." Wakacheka. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika birika la chai, na kama lisingekuwa jipya ningekurushia.

Sasa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, maana kesho unasafiri kwenda chuoni. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako. Isome yote, usiruke. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule ngumbaru nikiwa tayari na mvi, na pia kwa sababu Ekegusii kina matusi matamu mno, ningeanza nayo nisifike mwisho. Siku nyingine nakuita mke mwenza, tunataniana. Leo hakuna utani.

Mambo ya kula vizuri na kuomba na kujihadhari na wanaume umeshaambiwa na hao waliokuja kukuombea. Wanayajua sana, hasa kwa watoto wa wenzao. Mimi nina jambo moja, na sijawahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa babu yako mpaka tulipomzika.

Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza kwa nini mama yako haketi ndani ya nyumba hii. Anakuja, anasimama hapo mlangoni, anauliza habari, anakupa viatu vya shule, anarudi Mosocho. Nikakuambia ni chinsoni, zile heshima zetu Abagusii. Ukaamini, kwa sababu mtoto huamini. Mwaka mzima ukawaeleza watoto wa jirani kwamba kwetu binti akishaolewa haketi nyumbani kwa mama yake. Walimu wako walikusikia wakanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Nilikudanganya. Chinsoni ni baba asiingie nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mkwe na mkwe wasitazamane ovyo. Hakuna chinsoni inayomzuia binti kuketi kwa mama yake. Nilichukua heshima za wazee nikafunikia aibu yangu, kama mtu anayefunika chungu kilichopasuka kwa kitambaa cha kanisa. Sasa soma.

Unaijua kapeti iliyosimama nyuma ya mlango. Ulipokuwa mdogo uliiita "mgeni", kwa sababu imesimama siku zote na haijawahi kuketi. Ulijificha nyuma yake. Ulichungulia kwenye mdomo wa mviringo wake ukaona maua, ukaenda kuyachora kwa makaa kwenye ukuta wa ghala, nikakuchapa kwa kuharibu ukuta. Mchoro wako wa kwanza ni huo. Haya yote ya vyuo na mashine na kusomea kuchora kapeti za majumba yalianzia kwenye huo mdomo wa mviringo. Kwa hiyo usidhani naidharau kazi yako. Nilikuwa mtu wa kapeti kabla mama yako hajaota meno ya pili.

Niliinunua Kisii mjini, mwaka ambao bonasi ya majani ya chai ilikuwa nzuri. Babu yako alitaka ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe tunao, lakini sakafu yetu ni saruji tupu kama ya kituo cha kununulia majani. Ni ya mashine, nyekundu ya damu ya mzee, ina maua ya manjano makubwa kama kabichi. Hapa Ekerenyo, kutoka barabarani mpaka mtoni, hakukuwa na kapeti nyingine. Ilibebwa na wanaume wawili, na mimi nikatembea nyuma yao polepole ili watu wapate muda wa kuona.

Basi nikawa mwendawazimu. Siku za kawaida ilikaa imeviringishwa, imevalishwa nailoni ya godoro. Wageni wakija naitandika. Nikiitandika, naweka magunia juu yake ili wasiichafue. Babu yako aliniuliza, "Sasa wanaona kapeti au wanaona magunia?" Nikamwambia wanajua iko chini. Watu walikuja kuiazima wakingojea wageni wa mahari, na mimi nikaenda nayo, nikakaa kwenye harusi ya watu kama askari wa benki, nikitazama viatu. Mjomba mmoja wa bwana arusi aliwahi kuambiwa na mimi avue, akavua, soksi ikatoka na kidole nje, harusi nzima ikaona. Nilijivunia hilo mwezi mzima. Ndiye bibi yako huyo. Mnafikiri nilizaliwa mzee.

Wewe ulikuwa na miezi miwili. Mama yako alikuwa kwa baba yako, ng'ambo ya mto. Siku hiyo akina mama wa kanisa walikuwa kwangu, wa kutoka makanisa mengine pia, watu wazito, na mke wa mchungaji alikuwa ameketi pale unapoweka simu yako kuchaji. Kapeti ilikuwa chini, na kwa heshima yao niliondoa magunia. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu ya saa tisa, ambayo haimwulizi mtu anakwenda wapi.

Mama yako akatokea mlangoni. Ulikuwa mgongoni mwake, umefunikwa shuka. Mguu mmoja una ndara, mwingine hauna. Matope mpaka magotini. Na jicho moja lilikuwa limefunga.

Kemunto, niliona matope kabla ya kuona jicho.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha leo kuandika. Mkono uliinuka wenyewe hivi, kama wa polisi, nikasema, "Moraa, hapo hapo! Usinikanyagie kapeti!"

Akasimama. Mguu ulikuwa umeshainuka, akaurudisha chini. Akanitazama kwa lile jicho moja. Akasema, "Sawa, mama." Ndilo neno lile lile alilokuambia leo, na kwa sauti ile ile, ndiyo maana nilitaka kukurushia birika. Mke wa mchungaji akasema, "Si huyo ni binti yako? Mbona analowa?" Nikamwambia, "Anaenda jikoni, atakauka huko." Nikamimina chai. Nilimimina vikombe vyote, Kemunto, sikuruka hata kimoja, nikauliza nani anataka sukari zaidi. Moyoni najiambia nikimaliza kumimina nitamfuata jikoni.

Nilipokwenda jikoni hakukuwa na mtu. Mlangoni kwenye tope kulikuwa na nyayo, moja ya ndara na moja ya vidole, moja ya ndara na moja ya vidole, zinashuka kuelekea mtoni. Zilikuwa bado hazijajaa maji. Ningekimbia ningemfikia. Lakini nilikuwa na wageni. Nikarudi ndani.

Alirudi alikotoka. Akakaa huko miaka mitatu mingine. Ile alama iliyo juu ya nyusi yake, aliyokuambia kwamba aliteleza kisimani, haikuwepo siku niliyomzuia. Imekuja baadaye. Nimeitazama kila anaposimama mlangoni, na kila nikiitazama najua umri wa alama hiyo.

Alipomwacha baba yako hakuja kwangu. Alienda Mosocho, akapanga chumba kimoja, akaanza kuuza ndizi za wengine mpaka akauza zake. Ulipofika umri wa shule akakuleta, kwa sababu shule hapa ni karibu na chumba chake kilikuwa kidogo. Alikuja akakusukuma wewe ndani, taratibu, kwa mkono mgongoni. Yeye akabaki nje. Nikasema, "Ingia, Moraa." Akasema, "Nina matope, mama." Ilikuwa kiangazi. Vumbi tupu.

Mimi nikafanya nini? Nilimtumia kuku. Nilimtumia unga wa wimbi kila mavuno. Nilimtumia blanketi. Neno sikutuma. Nilidhani kuku wakiwa wengi watalisema wenyewe. Kiburi kina hesabu zake za kijinga. Na kapeti sikuitandika tena hata siku moja. Watu walipokuja kuazima nikawaambia imeliwa na nondo. Ilisimama hapo nyuma ya mlango, na mama yako akasimama mbele ya mlango, nami nikaketi katikati nikinywa chai, miaka ishirini.

Sasa turudi kwako, maana bado nina hasira nawe.

Uliporudi likizo kutoka kule kiwandani walikokujaribu kazi, ulinifundisha kazi yenu kwa vijiti vya kiberiti. Ukasema kapeti ya mashine ni vitone vitone, kila kitone ni uzi mmoja uliosimama. Ukasema mashine inabeba rangi chache tu, mchoraji lazima ajibane humo. Mchoro mnauchora mara moja, mashine inaurudia na kuurudia mpaka kapeti iishe. Nikakuuliza, "Na mtu akikosea kitone kimoja?" Ukasema, "Mashine hairekebishi, bibi. Inarudia kosa mpaka mwisho." Nikasema basi hiyo mashine ni kipofu. Ukacheka, ukajipiga kifua: "Macho yake ni mimi."

Leo macho hayo yalikuwa wapi?

Kwa sababu mimi niliona. Kabla hujafungua kinywa, mama yako alikuwa amesimama kizingitini kama kawaida. Nikamwambia kama kawaida, "Ingia, Moraa," bila kutegemea chochote, kama mtu anayesema amina. Lakini akakiona kile kipande chako sakafuni. Akaona ule mzunguko ulioutoa kwenye ekee yangu, kikapu cha ugali, umegeuzwa kuwa kapeti, kazi ya mtoto wake. Uso wake ukafunguka. Na akainua mguu, Kemunto. Kisigino kilikuwa kimeshavuka kizingiti. Miaka ishirini ilikuwa imebaki mahali pa kuweka kidole gumba.

Ndipo ukasema "ngoja".

Hukujua. Najua hukujua. Hilo ndilo linaloniwasha zaidi, kwa sababu nani amekufundisha maneno hayo? Hukuyaokota Mosocho. Umekulia kwenye nyumba ambayo kitu kinalindwa na mtu anasimama nje, ukadhani hivyo ndivyo nyumba ilivyo. Ungekuwa umeyasema kwa ubaya ningekuchapa, umri wako wote huo, nikamaliza. Uliyasema kama mtu anayesema "funga mlango kuna baridi". Hapo nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia hukasirika, unanijua.

Mlipotoka wote, nimeitoa ile kapeti nyuma ya mlango. Nimekata nailoni kwa panga. Nimeitandika, peke yangu, mgongo huu wangu unalia. Unajua nimekuta nini? Panya. Alitoboa mara moja tu, mahali pamoja, akapita moja kwa moja mpaka katikati. Lakini kwa kuwa ilikuwa imeviringishwa, tundu lile moja limetokea kila hatua, kutoka upande huu mpaka ule, limepangwa vizuri utadhani limechorwa. Kila ua la manjano la katikati halina moyo. Ukirudi utaliona, nimeiacha hapo hapo chini. Ikanyage. Nimeshaikanyaga na gambuti zangu za shambani, nikaenda na kurudi, na paka ameshalala juu yake.

Na kuhusu huo mchoro wako niseme kwa kuwa sijaulizwa. Ni mzuri. Mzunguko wa ekee umeupata sawa, hata pale ninapopenda kuruka unyasi mmoja umeruka nawe. Lakini rangi! Umeifanya nyeupe ya maziwa. Ulisema mwalimu wenu wa michoro amesema nyeupe ya maziwa ndiyo inayotakiwa kwenye nyumba za siku hizi. Huyo mwalimu mama yake aliuza nini? Nani anaishi kwenye nyumba isiyoingiwa na mtu aliyetoka mvuani? Ekee yangu uliipenda ikiwa nyeusi kitakoni kwa ugali wa wimbi na moshi. Imebebeshwa chakula cha moto, imeshikwa na mikono ya watoto, imeoshwa, imeanikwa, ikabebeshwa tena. Ingekuwa imetundikwa ukutani usingejua hata kama ipo. Ukapunguza ugali wote, ukapunguza moshi wote, ukabakiza mviringo msafi. Hivyo ndivyo nilivyoishi na ile yangu nyekundu, na umeshaona panya alichofanya.

Sikuambii uchore tope. Mimi si mjinga. Nakuambia unapokaa mbele ya hiyo kompyuta kuchagua zile rangi zenu chache, muweke mtu mlangoni. Muweke amelowa, ana mguu mmoja wa ndara. Kisha jiulize kapeti yako itamwambia nini. Ikimwambia "ngoja", ifute. Kuna rangi za udongo wetu zinazopendeza kuliko maziwa: ule mwekundu wa barabara ya kwenda kituoni baada ya mvua, na kijani cha majani ya chini ambayo hatuchumi, na ule weusi wa ndizi iliyoiva kabisa. Mtu akiingia na vumbi, vumbi lipate ndugu.

Uliniambia kile kipande lazima kifike kisafi, kwamba siku ya kuripoti kila mwanafunzi anaweka chake mezani kitazamwe, na mwenye kazi bora anapewa mashine mapema. Nimesikia. Nimelifikiria hilo nikiwa nimekaa hapa na mguu wangu unaouma. Na bado nasema nitakalosema, kwa hiyo usinune.

Kesho hutapanda gari la moja kwa moja kutoka Kisii mjini. Tutaamka mapema, mimi na wewe. Ndiyo, mimi pia, na usianze mambo ya mguu wangu. Tutapitia Mosocho kwanza, kabla mama yako hajafungua kibanda. Nimeshamwambia kijana wa pikipiki aje saa kumi na moja, na akisema matope tutashuka kwa miguu, mama yako alipanda hivyo na ndizi kichwani.

Tukifika, wewe utakitandika kile kipande chako mlangoni kwake, nje, hapo hapo penye tope. Utamwambia, "Mama, kanyaga." Hutamwambia avue. Akitaka kuvua mzuie. Na usimpe maelezo marefu ya chuo, usilie kabla yake. Akishakanyaga, mwambie unajua kwa nini huwa anasimama mlangoni kwangu, na kwamba aliyekuambia ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mimi nitakuwa nyuma yako. Nitasema neno ambalo sikulituma na kuku. Kisha nitasimama nje ya mlango wake mpaka yeye mwenyewe aseme "ingia, mama". Akisema nisimame, nitasimama. Wewe utapanda gari uende, usinisubiri, hata kama bado nimesimama. Ni zamu yangu.

Na huko uendako, siku ya meza, wakikuuliza hilo tope ni la nini, usiseme ni ajali. Sema ni mguu wa mama yangu, alikuwa wa kwanza kuikanyaga. Wasipokupa mashine mapema, watakupa baadaye.

Sasa weka barua chini. Kunja nguo zako. Kapeti yako iweke juu kabisa ya begi, mahali mkono unapofika upesi, na usiifunge nailoni.

Bibi yako